Uhandisi wa maikro: Yanayomsubiri mwanafunzi wa kigeni nchini Uswisi

UNYWELE wa binadamu kwa kawaida huwa na unene wa kati ya mikroni 50 na 100. Mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Ni katika vipimo hivyo, ambavyo jicho tupu haliwezi kuvibaini, ambapo hufanyika kazi za taaluma iitwayo uhandisi wa maikro.

Matunda ya taaluma hiyo yamo mikononi mwa kila mtu. Kihisio kinachoifanya simu igeuze picha inapolazwa ni kazi ya wahandisi hawa. Ndivyo ilivyo pia kwa kihisio kinachofyatua mfuko wa hewa gari linapogonga, na kwa vitundu vinavyotema wino katika mashine ya kuchapisha.

Katika mataifa mengi, somo hili hufundishwa kama tawi la uhandisi wa mitambo au wa umeme. Miongoni mwa vyuo vichache vinavyolifundisha kama shahada kamili tangu mwaka wa kwanza ni Taasisi ya Shirikisho ya Teknolojia ya Lausanne, nchini Uswisi, inayojulikana kwa ufupi kama EPFL.

Sababu ya taaluma hii kushamiri huko ni saa. Kwa zaidi ya karne mbili, wakazi wa milima ya Jura wamekuwa wakiunda saa zenye vyuma vidogo mno. Mnamo Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa inayotumia umeme na fuwele ya kwatsi, na katika miaka iliyofuata saa za aina hiyo zikafurika sokoni kwa bei nafuu.

Pigo hilo lilikuwa kali. Wafanyakazi katika sekta ya saa nchini Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi karibu 30,000 katikati ya miaka ya themanini. Hata hivyo, ujuzi wa kushughulikia vitu vidogo haukupotea. Ulihamia katika vifaa vya matibabu, vihisio na roboti. Mfano mmoja ni roboti ya Delta, iliyobuniwa na Profesa Reymond Clavel wa EPFL katika miaka ya themanini, ambayo huokota na kupanga vitu vidogo kwa kasi kubwa viwandani.

Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu na ina krediti 180. Mwanafunzi husoma hisabati, fizikia, utayarishaji wa programu za kompyuta, elektroniki, mitambo, sayansi ya mwanga na ya malighafi. Baadaye huingia katika vyumba vilivyosafishwa hewa hadi chembe za vumbi zikawa chache mno, kwa kuwa chembe moja tu yaweza kuharibu kifaa kizima. Humo, wanafunzi waliovalia mavazi maalumu hujifunza kuchora maumbo kwa mwanga juu ya bamba la silikoni, kisha kulichimba kwa kemikali au gesi.

Kizingiti cha kwanza kwa mgeni ni lugha. Masomo ya mwanzo ya shahada ya kwanza hufundishwa hasa kwa Kifaransa, si Kiingereza. Mwanafunzi aliyezoea kusoma hisabati kwa Kiingereza hulazimika kufuata mihadhara, kuandika majibu na kujadiliana na wenzake kwa lugha ambayo pengine ameisoma kwa miaka michache tu.

Kizingiti cha pili ni cheti. Vyuo vya Uswisi hupima kila cheti cha kigeni kwa kutegemea nchi kilikotolewa, na wenye vyeti visivyotambuliwa moja kwa moja hutakiwa kupita mtihani wa kuingia. Ni busara kwa mzazi kulithibitisha jambo hilo na chuo chenyewe kabla ya kumlipa wakala yeyote.

Cha tatu, na ambacho wengi hukisahau, ni mwaka wa kwanza wenyewe. Alama hutolewa kati ya 1 na 6, na ya kupita ni 4. Anayepata wastani wa chini ya 3.5 katika muhula wa kwanza huhamishiwa katika masomo ya kuimarisha msingi, na akishindwa hapo pia hufungiwa mlango. Mwaka wa kwanza unaweza kurudiwa mara moja tu. Kwa hivyo, kukubaliwa chuoni si hakikisho la kubaki humo, na kibali cha ukaazi cha mgeni hutegemea masomo hayo hayo.

Kuhusu gharama, EPFL ilikuwa ikiwatoza wageni na wenyeji karo sawa. Hali ilibadilika mwaka 2025. Kuanzia muhula wa vuli wa mwaka huo, wanafunzi wapya wa kigeni waliohamia huko kwa ajili ya masomo hulipa faranga 2,190 kwa muhula, mara tatu ya faranga 730 za awali. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo, hizo ni zaidi ya Sh300,000 kwa kila muhula.

Lakini karo si mzigo mkubwa zaidi. Nyumba, chakula, nauli na bima ya afya, ambayo ni ya lazima, huzidi faranga 20,000 kwa mwaka. Anayeomba viza lazima aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu. Vibarua haviwezi kuziba pengo hilo. Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya huruhusiwa kufanya kazi baada ya miezi sita tangu afike, na kwa saa zisizozidi 15 kwa wiki wakati wa masomo.

Kwa sababu hizo, njia iliyo salama zaidi kwa wengi ni kusomea shahada ya kwanza ya uhandisi au fizikia nyumbani, kisha kuomba nafasi ya uzamili. Shahada ya uzamili ya uhandisi wa maikro huko Lausanne ina krediti 120 na hufundishwa kwa Kiingereza. Chuo hicho hutoa ufadhili kwa idadi ndogo ya wanafunzi wa uzamili wenye alama bora, ilhali ufadhili wa serikali ya Uswisi kwa wageni huwalenga watafiti na wanafunzi wa uzamifu. Anayehitimu hupewa miezi sita ya kutafuta kazi.

Nyumbani nako ujuzi huo umeanza kupata pa kutumika. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited. Kiwanda kama hicho huhitaji watu waliokwisha kuvizoea vyumba visivyo na vumbi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa anayeitaka taaluma hii, kuinama huanza na hisabati na fizikia akiwa bado shuleni, na kwa anayelenga shahada ya kwanza huko Lausanne, Kifaransa pia.