Nafasi ya Nyongo katika Kisukari Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mwaka 1995, daktari mpasuaji Walter Pories wa North Carolina, Marekani, alichapisha matokeo ya wagonjwa 608 waliopasuliwa ili wapungue unene. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari aina ya pili, 121 walirudi kwenye sukari ya kawaida. Kilichoshangaza zaidi ni wepesi wa nafuu hiyo: insulini iliachwa katika siku za mwanzo, hata mkanda wa suruali haujalegea.

Kama si uzito, ni nini basi? Ndipo nyongo ikatajwa. Mchinjaji huitoa kwa uangalifu isije ikapasuka na kutia kitoweo uchungu, na vitabu vya shule huishia kwenye kumeng'enya mafuta. Kumbe asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli, hubeba pia ujumbe. Takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejea kwenye ini. Kipokezi kiitwacho FXR kikizihisi, utumbo hutoa homoni ya FGF19, nalo ini hupunguza uzalishaji wa asidi hizo. Kipokezi kingine, TGR5, huchochea GLP-1, homoni inayolihimiza kongosho litoe insulini. Baada ya upasuaji unaochepusha chakula kisipite sehemu ya tumbo na utumbo, asidi hizi huongezeka katika damu. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba panya wasio na FXR, wakikatwa sehemu kubwa ya tumbo, hawapati manufaa wanayopata wenzao.

Hoja hiyo inavutia, lakini naona imebebeshwa mzigo usio wake. Kwanza, nyongo ya panya ina asidi ambazo binadamu karibu hana. Pili, aliyepasuliwa hali chochote cha maana kwa siku kadhaa, jambo ambalo watafiti wengi wamelipita haraka mno. Mwaka 2011, Roy Taylor na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwapa wagonjwa 11 chakula cha kalori 600 tu kwa siku. Ndani ya wiki moja sukari yao ya asubuhi ilikuwa ya kawaida, bila kisu wala nyongo kubadilishiwa njia. Tena mwaka 2020, watafiti wa St. Louis, Marekani, walilinganisha wagonjwa waliopungua karibu asilimia 18 ya uzito, wengine kwa upasuaji, wengine kwa lishe. Usikivu wa miili yao kwa insulini uliimarika sawasawa.

Nyongo huenda inasaidia kutuliza hamu ya kula, lakini tiba yenyewe ni kupungua kwa chakula na uzito. Mkondo mpya wa utumbo hudumu maisha, nafuu je? Katika utafiti wa Cleveland uliochapishwa mwaka 2017, baada ya miaka 5 asilimia 29 ya waliochepushiwa chakula walikuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, isiyozidi asilimia 6, dhidi ya asilimia 5 ya waliotumia dawa pekee. Saba katika kila kumi waliochepushiwa hawakuwa katika kiwango hicho.