Kuondoa alama katika faili za programu: manufaa na tahadhari zake

Programu nyingi za kompyuta na simu haziwafikii watumiaji zikiwa na kila kitu kilichokuwemo zilipoundwa. Kabla ya kusambazwa, huondolewa sehemu ambazo mashine haizihitaji ili kuziendesha. Kazi hiyo si ngeni: amri iitwayo strip ilikwishatajwa katika mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix, uliotolewa Novemba 1971 na maabara za Bell nchini Marekani.

Ni nini kinachoondolewa?

Mwandishi wa programu huzipa sehemu za kazi yake majina ambayo binadamu anayaelewa. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine, huweka anwani za kumbukumbu mahali pa majina. Hata hivyo, majina yenyewe yanaweza kubaki ndani ya faili katika jedwali la alama. Mwandishi akitaka, huongezwa pia taarifa za kutafutia hitilafu, zinazoonyesha kila agizo la mashine limetokana na mstari upi wa maandishi ya awali. Katika Linux, taarifa hizo huhifadhiwa kwa muundo uitwao DWARF, ambao toleo lake la 5 lilichapishwa mwaka 2017.

Mara nyingi taarifa hizo huwa kubwa kuliko programu yenyewe. Kuziondoa hupunguza ukubwa wa faili, jambo lenye uzito kwa mtu anayelipia kila megabaiti ya intaneti au mwenye simu yenye nafasi ndogo. Lakini programu haipati kasi zaidi kwa sababu hiyo, kwani kwa kawaida taarifa hizo hazipakiwi kwenye kumbukumbu programu inapofanya kazi.

Funzo la Stuxnet

Sababu nyingine ni usiri. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha Stuxnet, ambacho wataalamu wanaamini kililenga mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz, nchini Iran. Ndani ya moja ya faili zake, wachunguzi walikuta njia ya folda iliyoachwa na waundaji, yenye neno "myrtus" na jina la faili ya kutafutia hitilafu, "guava". Wapo waliolihusisha neno hilo na mti wa mhadasi na kisa cha Esta katika Biblia. Wengine walisema huenda ni kifupisho kinachohusu vifaa vya kudhibiti mitambo. Masalia ya aina hiyo si ushahidi kamili, kwani yanaweza hata kupandwa kwa makusudi ili kupotosha.

Tahadhari

Kuondoa alama si kinga dhidi ya wavamizi. Maagizo ya mashine hubaki palepale, na mtaalamu mwenye subira anaweza kuyasoma. Nywila iliyoandikwa ndani ya programu nayo hubaki ilivyo.

Aidha, programu isiyo na alama ikianguka, ripoti yake huonyesha anwani tupu badala ya majina, na kasoro inayowasumbua watumiaji huweza kuchelewa kurekebishwa. Kwa hiyo, waundaji makini hawazitupi taarifa hizo, bali huzihifadhi katika faili ya pembeni inayolingana na programu kwa nambari moja ya utambulisho. Mradi wa Debian, kwa mfano, huzitoa katika vifurushi tofauti ambavyo majina yake huishia na "dbgsym".

Pia, si kila alama huondolewa. Maktaba inayotumiwa na programu nyingine lazima ibaki na majina ambayo programu hizo huyatafuta. Yakifutwa, haziwezi kuitumia. Vilevile, alama huondolewa kabla ya faili kutiwa saini ya kidijitali, kwa kuwa badiliko lolote baada ya hapo huweza kuibatilisha saini hiyo.