Kila Siku na Namba Yake

Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 huko Italia na Hispania. Ukitoa 4 katika 15 unapata siku 11, ilhali watu walilala usiku mmoja tu. Uingereza iliruka vivyo hivyo mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Tarehe, basi, ni jina la siku, na majina hayatolewi. Msimbo wa kompyuta unaotafuta tofauti ya tarehe mbili lazima kwanza uipe kila siku namba yake, kisha utoe namba kwa namba.

Wazo hili limeitangulia kompyuta kwa mbali. Pwani yetu mabaharia na wakulima walihesabu siku tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, mwongo baada ya mwongo, kila mwongo siku kumi, hadi zikatimia 365. Ulaya, Joseph Scaliger alibuni mwaka 1583 mzunguko wa miaka 7,980 unaoanzia 4713 kabla ya Kristo; mwaka 1849 John Herschel akaonyesha jinsi wanaastronomia wanavyoweza kuhesabu siku moja moja tangu mwanzo huo. Kwa hesabu hiyo Alhamisi ile ya 1582 ni siku namba 2,299,160 na Ijumaa ni namba 2,299,161. Mwaka 1968 Henry Fliegel na Thomas Van Flandern walichapisha kanuni fupi ya lugha ya Fortran inayopata namba hiyo kwa hesabu ya namba nzima tu, ikigawanya na kutupa baki. Uzuri wake umo katika kuhamishia Januari na Februari mwaka uliotangulia, ili siku ya 29 Februari iangukie mwishoni, isivuruge miezi mingine.

Wapo wasemao sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970 zinatosha: toa, gawanya kwa 86,400. Lakini nchi zinazosogeza saa mbele kwa majira zina siku moja ya saa 23, na hapo mgawanyo huo, ukitupa baki, hupoteza siku nzima. Afrika Mashariki hatusogezi saa, hivyo kosa hujificha hadi programu ivuke mipaka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hulipa kodi ya nyumba kwa mwezi. Ni kweli. Kutoka 31 Januari hadi 28 Februari ni siku 28, wala hilo halibishaniwi. Kama umetimia mwezi, mkataba ndio wa kuamua, na uamuzi huo uandikwe waziwazi ndani ya msimbo.