Msamaha wa Kodi Uliopita Wakati Wake



Kodi anayosamehewa mmoja haiyeyuki hewani. Barabara bado zitahitaji kutengenezwa, walimu watahitaji mshahara, na mzigo huo utaangukia mabega ya wengine. Jambo hili laonekana wazi katika historia ya New York, kule Marekani.

Mwaka 1971 mji ule ulikuwa ukichakaa. Viwanda vilifungwa, familia zilihama, na kati ya 1970 na 1980 ulipoteza wakaaji zaidi ya 800,000. Nani angejenga nyumba mahali watu wanapokimbia? Ndipo jimbo likatunga sheria iliyojulikana kwa namba yake, 421-a. Mwenye kujenga jumba la makao angeendelea kutozwa kodi kwa kadiri ya thamani ya zamani ya kiwanja, lakini thamani mpya iliyoletwa na jumba ingesamehewa kwa miaka kadhaa. Wakati huo ilikuwa busara, nami siilaumu: pasipojengwa kitu, hakuna kodi mpya ya kupoteza.

Baadaye fedha zikarudi Manhattan, viwanja vikagombaniwa, na msamaha ukabaki palepale. Katika miaka ya 1980 masharti yaliongezwa: mjenzi wa katikati ya Manhattan hakusamehewa mpaka achangie nyumba za watu wa kipato kidogo. Hata hivyo aliruhusiwa kununua vyeti kwa mwenzake aliyejenga nyumba hizo mbali, kwa mfano Bronx. Basi tajiri alipata msamaha wake mahali pa fahari, na maskini akapata chumba ng'ambo ya mto.

Mwaka 2013 watunga sheria walipitisha kifungu kilichoyafungulia mlango majumba machache ya Manhattan. Moja lilikuwa One57, mnara wa zaidi ya mita 300 karibu na bustani ya Central Park. Makao yake ya juu yaliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 100, na kodi yake ya mwaka ikapunguzwa kwa karibu asilimia 95. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Hapa mwenye shibe aliongezewa sahani. Ofisi huru ya bajeti ya mji ilipiga hesabu mwaka 2015: jumba hilo moja lilisamehewa dola milioni 65 na zaidi, na vyeti vyake vilisaidia kupata nyumba 66 huko Bronx. Fedha hizo zingetolewa moja kwa moja, zingetosha nyumba zaidi ya 350.

Watetezi wa sheria walikuwa na hoja, tusiwapuuze. Mjini humo kodi ya majumba makubwa ya kupangisha ni nzito kuliko ya nyumba za familia moja, na bila nafuu wajenzi wengi wangeacha nyumba za kupanga. Lakini ikiwa kodi yenyewe ni mbaya, kwa nini apunguziwe mjenzi mpya peke yake, na wapangaji wa majumba ya zamani waendelee kuibeba ndani ya kodi yao ya kila mwezi?

Sheria ilikwisha Juni 2022, ikiwa inaugharimu mji zaidi ya dola bilioni 1.7 kwa mwaka. Aprili 2024 jimbo likatunga nyingine, 485-x, yenye masharti juu ya nyumba za bei nafuu na, kwa majumba makubwa, juu ya mishahara ya mafundi wanaojenga.