Shule ya Solomon Mahlangu, Mazimbu

Shule ya Solomon Mahlangu (jina rasmi: Solomon Mahlangu Freedom College, kifupi: SOMAFCO) ilikuwa shule ya sekondari ya chama cha African National Congress (ANC) cha Afrika Kusini, iliyoendeshwa uhamishoni huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1978 hadi 1992.

Ilianzishwa kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976. Kadiri miaka ilivyopita, shule hiyo ilizungukwa na makazi kamili yenye shule ya msingi, kituo cha watoto wadogo, hospitali, mashamba na karakana. Leo majengo yake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

## Asili

Serikali ya makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu mwaka 1953. Kwa sheria hiyo watoto Waafrika walitengewa elimu duni iliyokusudiwa kuwaandaa kwa kazi za chini. Mwaka 1974 serikali iliagiza pia kwamba baadhi ya masomo, hisabati likiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaans. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga agizo hilo, na polisi wakawafyatulia risasi. Machafuko yalienea nchini kote.

Katika miezi iliyofuata vijana wengi walivuka mipaka kuingia Botswana, Lesotho, Uswazi na Msumbiji. Wengi walitaka kupewa silaha na kurudi kupigana, lakini baadhi yao walikuwa wadogo mno kwa jeshi na masomo yao yalikuwa yamekatika. ANC ililazimika kuamua la kufanya nao, nayo ikachagua kujenga shule yake yenyewe.

Tanzania ilikuwa mahali pa kufaa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. ANC ilikuwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma, tangu miaka ya 1960, na mkutano wake mkuu wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania chini ya Rais Julius Nyerere iliipa ANC eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge. Anna Abdallah, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Morogoro, anakumbukwa kwa mchango wake katika kupatikana kwa ardhi hiyo.

## Jina

Shule ilipewa jina la Solomon Kalushi Mahlangu, aliyezaliwa tarehe 10 Julai 1956 na kukulia Mamelodi, karibu na Pretoria. Aliondoka nchini baada ya maandamano ya 1976, akajiunga na Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, na kupata mafunzo. Juni 1977 alirudi Afrika Kusini pamoja na wenzake wawili. Walipogunduliwa na polisi mjini Johannesburg kulitokea ufyatulianaji wa risasi ambapo raia wawili waliuawa. Mahlangu hakuwa aliyewapiga risasi, lakini mahakama ilimtia hatiani kwa hoja kwamba alishiriki nia moja na mwenzake. Alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22, licha ya maombi ya kumwokoa yaliyotoka nchi nyingi. Mwaka huohuo shule ya Mazimbu ikaitwa kwa jina lake.

## Ujenzi

Wanafunzi na walimu wa kwanza waliishi katika majengo machakavu yaliyoachwa na shamba la mkonge. Walifyeka vichaka, wakachimba misingi na kusaidia mafundi. Kazi kubwa ya ujenzi iliongozwa na wahandisi na wasanifu wa ANC, lakini vibarua na mafundi walio wengi walikuwa Watanzania wa Morogoro na vijiji vya jirani. Wengine walifanya kazi Mazimbu kwa miaka mingi.

Fedha, vifaa na wataalamu vilitoka hasa Uswidi, Norwei, Denmark, Ufini na Uholanzi, pamoja na nchi za kisoshalisti kama Ujerumani ya Mashariki. Mashirika ya kupinga ubaguzi wa rangi katika nchi nyingi yalichangisha vitabu, nguo na vyombo vya maabara. Hivyo Mazimbu ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo watu wa pande mbili za Vita Baridi walifundisha katika shule moja.

Oliver Tambo, rais wa ANC, aliifungua shule rasmi tarehe 22 Agosti 1985, ingawa masomo yalikuwa yameanza miaka saba kabla.

## Masomo

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Wanafunzi walisoma hisabati, sayansi, jiografia, historia, fasihi na kilimo. Yalikuwepo pia masomo ambayo hayakufundishwa katika shule za Waafrika nchini mwao: historia ya mapambano ya ukombozi, na somo la maendeleo ya jamii lililoeleza jinsi jamii za binadamu zinavyobadilika.

Shule ilifuata kanuni ya kuunganisha kazi ya akili na kazi ya mikono. Kanuni hiyo ilifanana na siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Nyerere mwaka 1967, na ilichota pia kutoka shule za nchi za kisoshalisti. Kila mwanafunzi alipangiwa zamu shambani, jikoni, kwenye ujenzi au katika usafi wa mazingira. Utekelezaji haukuwa rahisi. Vijana wengi walitoka mijini, na huko kwao jembe lilikuwa ishara ya unyonge ambao Elimu ya Kibantu iliwatakia. Baadhi waliiona kazi ya mikono kama adhabu.

Swali lingine gumu lilikuwa la mitihani. Shule iliyokataa mfumo wa wakoloni ilihitaji vyeti ambavyo vyuo vya nje vingevitambua. Hatimaye wanafunzi walifanya mitihani ya kidato cha nne ya Chuo Kikuu cha London. Jambo hilo liliwafungulia njia ya vyuo vya ng'ambo, lakini liliibana nafasi ya mtaala ambao shule ilijitungia.

Ugumu mkubwa darasani ulikuwa tofauti ya viwango. Mwanafunzi wa miaka 20 aliyeacha shule kwa miaka mitatu aliweza kukaa dawati moja na mtoto wa miaka 14. Kwa sababu hiyo kulikuwa na madarasa ya maandalizi kwa wageni. Walimu nao walibadilika mara kwa mara, kwa kuwa wengi walikuwa watu wa kujitolea wa mkataba mfupi au makada waliohamishwa na chama.

## Maisha ya jumuiya

Mazimbu ilikua kutoka shule hadi kuwa mji mdogo. Wakazi wake walikuwa wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa chama, wazazi na watoto waliozaliwa uhamishoni. Miongoni mwa taasisi zake zilikuwa:

- shule ya msingi na ya awali;
- Kituo cha Watoto cha Charlotte Maxeke, kilichowahudumia watoto wachanga na mama zao;
- hospitali iliyojengwa kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi;
- kiwanda cha samani cha Vuyisile Mini, kilichoitwa kwa jina la mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964;
- karakana ya ushonaji;
- mashamba ya mahindi na mboga, pamoja na ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku;
- maktaba.

Takriban kilomita 60 kutoka hapo, ANC ilipewa ardhi nyingine huko Dakawa mwaka 1982. Huko kulijengwa kituo cha maendeleo chenye mafunzo ya ufundi, na kituo cha kuwapokea wageni kilichoitwa kwa jina la Ruth First, mwandishi aliyeuawa na bomu la barua mjini Maputo mwaka huohuo.

Maisha ya kila siku yalikuwa na alama za uhamisho. Kwa ajili ya usalama wengi walitumia majina ya bandia, na hata marafiki wa miaka mingi hawakujua majina halisi ya wenzao. Kuandika barua nyumbani kulikuwa hatari kwa wazazi waliobaki, kwa hiyo vijana wengi walikaa miaka bila habari za familia zao. Jumuiya ilijaribu kuziba pengo hilo. Watu wazima waliwalea watoto wasio wao, kwaya ziliimba nyimbo za nyumbani, na sikukuu za mapambano kama 16 Juni ziliadhimishwa kwa hotuba, michezo ya kuigiza na ngoma. Timu za kandanda zilicheza na timu za Morogoro.

## Changamoto

Hofu ya kushambuliwa haikuwa ya bure. Jeshi la Afrika Kusini lilivamia makazi ya ANC huko Matola, Msumbiji, mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985. Mazimbu ilikuwa mbali zaidi na mpaka, lakini ulinzi ulikuwa sehemu ya ratiba.

Malaria iliwasumbua watu waliotoka maeneo ya baridi yasiyo na ugonjwa huo. Wapo waliokufa kwa maradhi na ajali, wakazikwa katika makaburi ya Mazimbu.

Vijana wengi walikuwa wameshuhudia mauaji au kuteswa gerezani. Ulevi, bangi, ugomvi na kukata tamaa viliripotiwa shuleni, na nidhamu ilijadiliwa katika mikutano mingi. Mimba za wanafunzi zilizua mjadala mkali zaidi. Msichana aliyepata mimba aliacha masomo kwa muda na kuhamia kituo cha Charlotte Maxeke, ilhali mvulana kwa kawaida aliendelea na shule.

Siasa za ndani za chama zilifika pia. Mwishoni mwa mwaka 1988 baadhi ya wapiganaji waliofungwa katika kambi ya ANC nchini Angola, kufuatia maasi ya 1984, waliachiwa na kupelekwa Dakawa. Baadhi yao walichaguliwa na wakazi katika kamati za uongozi, lakini makao makuu ya chama yalizivunja kamati hizo.

### Uhusiano na wenyeji

Miaka ya kwanza ya 1980 ilikuwa migumu kwa Watanzania. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, na sukari, sabuni na nguo viliadimika madukani. Mazimbu ilipokea misaada kutoka nje, na tofauti hiyo ilionekana. Nguo za misaada ziliuzwa vijijini kwa fedha au kwa pombe ya kienyeji, na wizi ulileta malalamiko ya pande zote mbili. Wakati huohuo kulikuwa na ajira, matibabu, urafiki na ndoa kati ya Waafrika Kusini na Watanzania.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya barabarani eneo la Dakawa, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, ambaye baadaye alihukumiwa na mahakama. Msiba huo uliishtua nchi nzima na kuwatia wakimbizi wa Mazimbu na Dakawa katika wasiwasi mkubwa. Hata hivyo Tanzania haikuwafukuza, na shule iliendelea.

## Mafanikio

Kwa miaka 14 shule iliwapokea vijana ambao vinginevyo wangebaki bila elimu. Wahitimu wake waliendelea na masomo katika vyuo vya Afrika, Ulaya ya Mashariki na ya Magharibi, Kuba na kwingineko. Baada ya mwaka 1994 wengi wao waliingia katika utumishi wa umma, ualimu, uuguzi na biashara nchini mwao.

Mazimbu ilikuwa pia jaribio la kuendesha jamii bila ubaguzi wa rangi kabla nchi haijakombolewa. Waafrika, Wahindi, machotara na Wazungu waliishi, walikula na kufundishana pamoja, jambo lililokatazwa na sheria kwao.

Mradi wa sanaa na ufumaji wa Dakawa, ulioanzishwa kwa msaada wa Uswidi, ulihamishiwa Grahamstown (leo Makhanda) baada ya kurudi kwa wakimbizi.

## Kufungwa

Tarehe 2 Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC iliondolewa, na wakimbizi wakaanza kurudi. Kurudi huko kulikuwa na mashaka yake: vijana waliokulia Tanzania walikuta nchi yenye ghasia, ajira chache na shule zilizofuata mtaala mwingine. Baadhi ya familia za mchanganyiko zilitengana, upande mmoja ukibaki Morogoro.

Tarehe 9 Julai 1992 ANC iliyakabidhi makazi ya Mazimbu na Dakawa kwa serikali ya Tanzania, pamoja na majengo, mashamba na vifaa, kama shukrani kwa wananchi walioyatoa maeneo hayo.

## Hali ya sasa

Mazimbu ikawa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo kinachobeba jina la waziri mkuu aliyefariki Dakawa. Kumbi na mabweni ya zamani yanatumiwa na wanafunzi wa Kitanzania, hasa wa sayansi na ualimu.

Kumbukumbu za maandishi za shule zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Mabaki ya Solomon Mahlangu mwenyewe yalihamishiwa Mamelodi na kuzikwa upya tarehe 6 Aprili 1993. Makaburi ya Mazimbu bado yanatunzwa, na wajumbe kutoka Afrika Kusini huyatembelea. Rais Cyril Ramaphosa alifika Mazimbu Agosti 2019. Eneo hilo linahesabiwa kati ya maeneo ya urithi wa ukombozi wa bara la Afrika nchini Tanzania.