Mashimo ya Mwaka 1973

Kati ya kampeni zote ambazo serikali ya Tanzania imewahi kuzipigia debe redioni, sijui nyingine iliyoacha mashimo mengi kama Mtu ni Afya. Mashimo kwelikweli, yaliyochimbwa kwa jembe na sururu, yakafunikwa kwa miti na udongo, yakazungushiwa fito na kuezekwa nyasi. Radio Tanzania ilirusha vipindi vyake kwa wiki kumi na mbili katika mwaka 1973. Kampeni ilipokwisha, makadirio yalitaja vyoo vipya vipatavyo 750,000, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Wanaoikumbuka leo huisimulia kama kazi ya redio. Kwa maoni yangu redio ilikuwa sehemu yake ndogo.

Amri ya kuchimba choo ilikuwa ya zamani kuliko uhuru. Chini ya Waingereza, bwana afya na watu wa jumbe walipita wakikagua, na asiyekuwa na choo alitozwa faini. Matokeo yake anayajua yeyote aliyewahi kuishi chini ya ukaguzi: choo kilichimbwa ili kionekane. Hospitali nazo zilifuata rangi ya mtu. Pale Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilibaki ya Wazungu, na Mwafrika alipelekwa Sewa Haji, iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha za kuijenga. Ukiacha hospitali za misheni, vijijini kulikuwa na zahanati ndogondogo za serikali za wenyeji, mpango ulioanzishwa mwaka 1926 na mkuu wa idara ya tiba, Dk. John Shircore, zikihudumiwa na wafunga vidonda waliofundishwa kwa muda mfupi. Kwa mwanakijiji wa kawaida, serikali ilipokuja na habari za afya ilikuja na dawa ya kidonda au na faini ya choo.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliikumbusha hata alipokuwa amestaafu. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22. Mwaka 1964 mtaalamu Mwingereza, Richard Titmuss, na wenzake walishauri katika ripoti yao kwamba nguvu ziende kwenye kinga na kwenye vituo vya vijijini, lakini ujenzi wa hospitali una mvuto wake kwa wanasiasa, maana hospitali huzinduliwa kwa kukata utepe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililotamka wazi kwamba hospitali kubwa ziko mijini, zikihudumia wachache, na ilhali mikopo hutumika zaidi mijini, anayeilipa kwa jasho ni mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama tawala, TANU, kikaamua fedha za afya zielekee vijijini, na kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa vimepita 200.

Hata hivyo, kituo cha afya hutibu safura, hakiizuii. Mgonjwa humeza dawa asubuhi, na jioni hupita peku pale pale alipoipata. Mayai ya minyoo ya safura hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu na kwenda hadi utumbo, ambako minyoo hunyonya damu mpaka mtu akaonekana mvivu kumbe amekaukiwa. Kichocho nacho hutoka kwa binadamu, kikapitia kwa konokono, kisha kikamrudia binadamu mtoni au kwenye jaruba la mpunga. Haya yote yalijulikana kwa madaktari miaka mingi kabla ya mwaka 1973. Mwenye mguu peku ndiye aliyekuwa hajaelezwa, au alielezwa kwa sauti ya faini.

Hapo ndipo elimu ya watu wazima ilipoingia. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa tayari imeanza kujaribu vikundi vya kusikiliza redio. Mbinu yenyewe ilikuwa imetumiwa na wakulima wa Canada tangu mwaka 1941, kisha ikajaribiwa India. Tanzania ilianza na Kupanga ni Kuchagua, juu ya mpango wa pili wa maendeleo, ikafuata Uchaguzi ni Wako wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 1970, na Wakati wa Furaha kwa miaka kumi ya uhuru mwaka 1971. Zilikuwa kampeni ndogo, na watu wa taasisi walizitumia kujifunzia. Walijua tayari kwamba mtu akisikiliza redio peke yake hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaendelea na shughuli zake.

Mtu ni Afya iliandaliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyorushwa. Taasisi na Wizara ya Afya zilichagua maradhi machache tu ambayo mwanakijiji angeweza kuyafanyia jambo kwa mikono yake: malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu, na suala la maji safi. Vitabu viliandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu lengo mojawapo lilikuwa kumpa kitu cha kusoma mtu aliyetoka juzi kwenye darasa la kisomo. Fedha nyingi za nje zilitoka Sweden. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi: timu ya taifa ikafundisha watu wa mikoa na wilaya, hao wakafundisha wa chini yao, mpaka kwenye kata. Hapo Madaraka Mikoani, mfumo ulioanza mwaka 1972, ulisaidia, kwa kuwa afya, elimu na kilimo vilikuwa vimekusanywa chini ya uongozi mmoja wa mkoa. Mwishowe walipatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wengi wao walimu wa shule na watumishi wengine wa kijijini.

Walioandaa walitarajia watu milioni moja. Walijitokeza wapatao milioni mbili. Gawanya kwa idadi ya viongozi na utapata kikundi cha watu ishirini na kitu, idadi ambayo bado kila mtu anaweza kusema akasikika.

Utaratibu wa kikao ndio ninaoutaka msomaji autazame. Watu walikutana darasani, kwenye ofisi ya chama au chini ya mti, kiongozi akafungua redio. Kipindi kikiisha, aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sura ya wiki hiyo kitabuni. Redio ikikosekana, au betri zikiwa zimekwisha, kitabu kilitosha kuendesha kikao. Kisha yalifuata maswali. Je, ugonjwa huu upo kwetu? Unatupata wapi? Tunaweza kufanya nini? Viongozi walikuwa wamefundishwa wasihubiri wala wasijifanye madaktari. Kazi yao ilikuwa kuuliza na kungoja, jambo gumu kwa mwalimu wa shule, ambaye siku nzima anauliza maswali ambayo majibu yake anayo. Kabla ya kutawanyika, kikundi kilipaswa kuamua jambo la kutenda: kufyeka, kufukia madimbwi, kusafisha kisima, kuchimba choo. Wiki iliyofuata watu walionana tena uso kwa uso, na aliyeahidi choo mbele ya shemeji zake hakuwa na mahali pa kujificha. Aibu ya namna hiyo bwana afya hakuwa nayo katika mkoba wake wa faini.

Sidai kwamba vyoo vyote 750,000 vilizaliwa na mjadala. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, viongozi wa wilaya walijua kwamba takwimu zitaulizwa, na sheria za zamani hazikuwa zimefutwa vichwani mwa watu. Choo kilishinda katika takwimu kwa sababu pia ni kitu cha kuhesabika. Nani angehesabu maji yaliyochemshwa? Halafu kuna jambo ambalo taarifa za kampeni za namna hii huligusa kwa mbali. Shimo huchimbwa mara moja, na mara nyingi mchimbaji ni mwanamume. Maji ya kunywa huchemshwa kila siku, kwa kuni zilizobebwa kichwani na mwanamke ambaye tayari ameyabeba maji yenyewe. Mume alimaliza sehemu yake ya Mtu ni Afya kwa siku chache na akasifiwa. Ya mke haikuwa na mwisho, na haikuonekana barabarani.

Choo chenyewe si jibu kila mahali. Pwani na visiwani, ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa maji, na maji machafu ndiyo maskani ya mbu aina ya kuleksi, wanaosambaza matende na mabusha. Pale Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe za polistirini, zile nyeupe nyepesi zinazowekwa kwenye maboksi ya vyombo vya umeme, zikaelea na kuyafunika maji ya vyooni, viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Pamoja na dawa waliyopewa wananchi, mbu na maambukizi vilipungua sana. Ni mfano ninaoupenda, kwa sababu ulianza kwa kukitazama choo kilivyo badala ya kukihesabu.

Pigo kubwa kwa kazi ya mwaka 1973 lilitoka serikalini kwenyewe, tena mwaka huohuo. Mwezi Novemba Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Operesheni Vijiji ikaanza, na katika miaka mitatu hivi mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Vilitokea vijiji zaidi ya 7,000. Godoro, kuku na mlango wa mbao vilipakiwa, lakini choo hakipakiwi. Aliyekuwa amechimba shimo lake kwa hiari, baada ya kujadiliana na jirani zake wiki nne, alifika mahali papya pasipokuwa na shimo, na jirani walikuwa wengine. Sijaona mahali palipoandikwa ni vyoo vingapi vya Mtu ni Afya viliachwa porini, na sidhani kama kuna aliyetumwa kuvihesabu.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia kwa kishindo, kikianzia Rufiji na kusambaa mikoani. Sisemi vijiji ndivyo vilivyokileta. Ila watu wengi waliosogezwa karibu, kabla maji na vyoo havijasogea nao, ni jambo ambalo kikundi chochote cha mwaka 1973 kingeweza kulieleza baada ya wiki ya sita ya masomo.

Nje ya nchi sifa zilikuwa nyingi. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotangaza afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, ulisisitiza ushiriki wa wananchi kwa lugha ambayo Mtanzania aliifahamu tayari. Taasisi iliendelea na Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Lakini vita vya Uganda, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha zahanati. Katikati ya miaka ya 1980 zilitegemea makasha ya dawa yaliyoletwa kila mwezi kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama, na mwaka 1996 Igunga ilikuwa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kuanzia hapo mazungumzo ya afya ya umma yakawa zaidi mazungumzo ya nani analipa, na ndivyo yalivyo hadi leo katika mjadala wa bima ya afya kwa wote. Ni mjadala wa lazima. Ila kadi ya bima humsubiri mtu augue kwanza.

Kipindupindu kilirudi Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea nchini, na watu zaidi ya 20,000 wakaugua. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilizindua Nyumba ni Choo, balozi wake akiwa Mrisho Mpoto, msanii ambaye sauti yake haimpiti mtu. Mwaka 2024 jina la Mtu ni Afya lenyewe likarudishwa. Sina ugomvi na wimbo mzuri wa kampeni, na watu walioukariri ni wengi kuliko waliowahi kusoma waraka wowote wa wizara. Ila wimbo huishia kwa msikilizaji. Hauulizi chochote kisha ukangoja, na wiki ijayo haurudi kuuliza umefanya nini.

Anayetaka kujua vikundi vile viliendeshwaje hana budi kumtafuta Budd Hall, mtafiti kutoka Amerika Kaskazini aliyefanya kazi katika taasisi miaka hiyo na ambaye baadaye alijulikana duniani kwa utafiti shirikishi, mawazo aliyoyapata kwa sehemu kubwa Tanzania. Kitabu chake juu ya kampeni kilitoka mwaka 1978, kwa Kiingereza. Vile vya Kiswahili, vilivyoshikwa na wale milioni mbili, sijawahi kuvikuta kwenye duka la vitabu.