Kasulo: mkojo wa watoto na mizani ya labo

Kila mchimbaji wa mkono wa Likasi ao Kolwezi anajua jambo hili: unapeleka mfuko wa madini kwa depo moja, Metorex inaonyesha kiwango fulani cha kobalti, unaupeleka kwa depo ya pili, inaonyesha kingine. Mawe ni yale yale. Shida hiyo hiyo iliwapata wanasayansi waliotaka kupima namna ADN inavyoharibika, na inatuhusu sisi pia.

Mwaka 2014, mtaani Kasulo, mjini Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu. Wakachimba ndani ya viwanja na hata ndani ya vyumba, na vumbi likaenea kila mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Profesa Célestin Banza, na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kati yao Profesa Benoit Nemery, wakapima wakaaji 72 wa Kasulo na 25 wa mtaa wa jirani. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Tena, kwa watoto walikuta alama za kuharibika kwa ADN, ni kusema maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe za mwili. ADN inaharibika kila siku na mwili unaitengeneza. Hofu ni pale uharibifu unapozidi, kwa kuwa unaweza kufungulia kansa njia.

Lakini mizani yenyewe ni ya kuaminiwa? Labo za Ulaya zilijiuliza hivyo mbele yetu. Mwaka 1997 ziliunda kamati ya ESCODD, sababu hesabu zao juu ya watu wenye afya ziliachana mara mia na zaidi. Wakagawana sampuli za namna moja, kila labo ikapima. Wakagundua kosa kubwa: wakati wa kutoa ADN ndani ya chembe, hewa iliiharibu palepale. Mpimaji aliongeza uharibifu ule aliotaka kuuhesabu! Hata baada ya kusahihisha, mwaka 2003 njia mbili kubwa za kupima bado ziliachana zaidi ya mara kumi. Kisha kamati nyingine, ESCULA, ikafanya kazi hiyo juu ya mkojo.

Basi utafiti wa Kasulo ni bure? Hapana. Watoto wale walilinganishwa na watoto wa jirani ndani ya utafiti mmoja. Mizani ikizidisha, inazidisha kwa wote, na tofauti inaonekana bado. Ni kweli, watu 97 ni wachache, na alama si ugonjwa. Lakini hatuwezi kuchukua hesabu ya Likasi toka labo moja, kuiweka kando ya hesabu ya Kasulo toka labo nyingine, na kusema nani ameumia zaidi.

Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Kuhama kuliwatoa kwenye vumbi, hakukuwapa majibu. Kwa hiyo, wapimaji wakibisha mlango, kwenu ao huku Likasi, waulizeni: sampuli inaenda labo gani? Tunalinganishwa na nani? Majibu yatarudi lini? Na karatasi ya majibu muichunge pamoja na kadi ya mtoto.